Muulize kwanza maji anayatoa wapi

Wageni wakifika Newala hupelekwa Shimo la Mungu. Husimama ukingoni wakatazama nchi inavyodidimia ghafla mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto Msumbiji inaonekana kama moshi. Wanapiga picha, wanasema panapendeza. Panapendeza kweli. Ila sisi tuliozaliwa juu ya uwanda huu wa Makonde tukitazama kule chini tunaona jambo moja tu: maji yako huko, na sisi tuko huku.

Naanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyonitia aibu ya kwanza kazini. Mwaka ulikuwa 1977. Nilikuwa na miaka ishirini, sare mpya, viatu vyeupe vya kamba, na cheti cha msaidizi wa afya ya mama na mtoto ambacho kila jioni nilikitoa kwenye bahasha nikakitazama. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa na zahanati ya vyumba vitatu, daktari mmoja wa zahanati, mhudumu mmoja na mimi. Jumatano ilikuwa siku ya watoto. Mizani tuliining'iniza kwenye tawi la mkorosho, mama anamvisha mwanawe kile kisuruali cha kupimia, mtoto analia, mimi nasoma kilo na kutia nukta kwenye kadi. Kabla ya kupima kulikuwa na somo: nawa mikono, chemsha maji ya kunywa, mwogeshe mtoto kila siku. Nilikuwa nayasema kwa mpangilio ule ule kila wiki, kama mtu anayesoma dua.

Jumatano moja akaja mama na mtoto mwenye upele mwili mzima, vidoleni, kwapani, mpaka matakoni. Nikamgombeza mbele ya wenzake. Maneno niliyoyatumia siwezi kuyaandika yote. Moja lilihusu mbuzi. Yule mama hakujibu. Alimfunga mtoto mgongoni akatazama chini. Bibi mmoja aliyekuwa amemsindikiza mjukuu wake ndiye aliyefungua mdomo, tena kwa upole: "Mwanangu nesi, muulize kwanza maji anayatoa wapi."

Kilichoniuma ni kwamba mimi mwenyewe nimelelewa kwa maji ya kubebwa kichwani. Mama yangu alikuwa akiondoka usiku wa manane na debe, mimi nikiamka namkuta keshafika, na nywele zake zimelowa. Nilijua. Sare ilikuwa imenisahaulisha kwa muda wa miezi mitano tu.

Jumamosi nikaomba kwenda nao. Tuliondoka saa nane usiku, wanawake kumi na watoto wa kike watatu, tukateremka genge kwa kushikilia mizizi. Kisimani ni kuchota kwa kata na kungoja: maji yanachuruzika, unachota kata tatu, unampisha mwenzio, unangoja tena. Kupanda ndiko kazi. Debe ni lita 20, na ukiteleza hapo, maji yamekwenda na pengine shingo pia. Tulifika kijijini saa nne asubuhi. Nyumba ya yule mama ilikuwa na watu saba. Debe moja, watu saba, kunywa, kupika, kunawa, kuogesha wachanga, na mbuzi wawili. Nikakaa kwenye kibaraza chake miguu ikitetemeka, nikawa nahesabu kichwani lile somo langu la Jumatano lingekula madebe mangapi.

Kuanzia hapo somo lilibadilika. Badala ya "mwogeshe mtoto kila siku" tukaanza kuzungumza namna ya kumwosha mtoto kwa kata moja: uso na macho kwanza, mikono, halafu makalio, na maji yale yale yakamalizikia kwenye mche wa mpapai. Macho tuliyapa kipaumbele kwa sababu ya vikope, ugonjwa ambao huku kusini umewapofusha wazee wengi. Miaka ile ya mwanzo wa 1980 sabuni ikaadimika nchi nzima, kipande kikawa kinakatwa kwa uzi na kuuzwa kama dawa, tukatumia majivu. Baadaye vikaja vibuyu chirizi, kile kidumu kinachotobolewa na kuinamishwa kwa kamba ya mguu. Ni kitu kidogo, lakini kimeokoa maji kuliko hotuba zangu zote. Na upele wa yule mtoto uliisha kwa dawa ya kupaka, familia yote siku moja, nguo na mikeka ikianikwa juani. Nadhani mama yake alinisamehe. Hatukuwahi kulizungumza.

Nisieleweke kwamba hakuna aliyejaribu kuleta maji. Mradi wa maji wa Makonde ni wa tangu enzi za mkoloni, pampu zinasukuma kutoka bonde la Kitangari. Zikifanya kazi, bomba linatoa na watu wanasahau genge. Zikiharibika, kila mtu anatafuta debe lake. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku zina pipa, mtungi au kisima cha saruji cha kukinga mvua, na ndiyo maana pia ugonjwa wa chikungunya unaotajwa leo dunia nzima una jina la Kimakonde. Mlipuko wa kwanza ulioandikwa na wataalamu ulitokea hapa kwetu mwaka 1952 na 1953, na jina lenyewe ni habari ya kujikunja, jinsi mgonjwa anavyotembea viungo vikimuuma. Mbu wake anapenda maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Mama yangu aliuguza dada zake wawili kwa wakati mmoja. Alikuwa akituigizia walivyokwenda chooni wameshikana kama kaa, akicheka mpaka machozi. Yeye mwenyewe hakupona vizuri magoti.

Habari ya vyoo naipita haraka. Mwaka 1973, nikiwa bado shuleni, kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni na vikundi vya kusikiliza vilikaa chini ya miembe kila kijiji. Baba yangu alichimba choo kwa sababu ya redio, akawa anasema Dar es Salaam wamemwambia. Vyoo vilichimbwa vingi mno. Lakini nilipoanza kazi nilikuta vingine vinaitwa choo cha bwana afya, kwa maana ndiye peke yake anayekitembelea. Mzee mmoja alikipiga chake kufuli kisije kikachafuliwa kabla ya ukaguzi.

Jambo lililonifundisha kuliko yote lilikuwa muhogo.

Huku kwetu muhogo mchungu unapandwa makusudi. Nguruwe hawaupendi, wezi hawaupendi, unastahimili ukame, unakaa ardhini mpaka uutake. Kila mwanamke wa kusini anajua kwamba una sumu na hauliwi hivi hivi. Unaumenya, unauanika juani wiki baada ya wiki mpaka uwe makopa, ndipo utwange unga. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwafundisha hilo. Ni elimu ya bibi zao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukame ulitupiga. Nilikuwa nimehamishiwa upande wa Masasi kwa muda. Zikaanza kuja familia nzima nzima usiku, baba, mama na watoto, wote wanatapika, vichwa vinauma, kizunguzungu, wengine wameketi kwenye baiskeli wanashikiliwa kama walevi. Walikuwa wamekula ugali saa chache kabla. Kwanza mtaani ikasemwa ni kipindupindu, kisha ikasemwa wamerogwa. Kwenye kikao kimoja mkubwa wangu wa kazi, mtu mwenye elimu kubwa kuliko yangu, akasema tatizo ni akina mama hawajui kuandaa muhogo, tuandae semina. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Nakumbuka vizuri kwamba nilikubali.

Kabla ya hiyo semina nikalala nyumba moja iliyopatwa, maana jua lilinizamia huko. Asubuhi nikamwona mama mwenye nyumba anachimba muhogo, anaumenya, anautwanga mbichi, anauanika kwenye jamvi, unapokaribia kukauka anautwanga tena, anauanika tena, na jioni ile ile unga uko tayari. Wenyewe wanauita chinyanya. Nikamuuliza, siyo kwa ukali, nilikuwa nimechoka tu: "Mama, wewe hujui kwamba huu unataka wiki kadhaa juani?" Akanitazama kama nimemuuliza kama anajua jina lake. Akasema, "Najua, nesi. Nilikuwa na makopa. Yameisha mwezi wa pili. Sasa hizo wiki watoto wale nini?"

Hakuna semina inayojibu swali hilo. Alikuwa anajua zaidi yangu. Njaa ndiyo iliyompunguzia siku. Nilirudi na kusema kikaoni kwamba kinachotakiwa ni chakula cha kuvusha miezi miwili na siyo mabango, nikaambiwa niandike ripoti. Niliandika. Mahindi ya msaada yalipofika kwa kuchelewa, wagonjwa wa usiku wakapungua bila semina yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaja mabaya zaidi, konzo. Huo ni ugonjwa wa muhogo huo huo mchungu usiokaushwa vya kutosha, ukiliwa wiki kwa wiki bila kunde, samaki wala chochote cha kujenga mwili. Mtoto analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi. Niliwaona vijana wa mkoa wetu wanatembea kwa ncha za vidole na fimbo mbili. Siku za baadaye wataalamu walileta njia ambayo naipenda kwa sababu haimdharau mama: unga ulioshukiwa unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba kwenye ungo, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ile sumu inaruka hewani, kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Saa mbili anaweza kuzipata hata mwenye njaa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimkumbuka mama wa chinyanya, nikatamani ningekuwa na jibu hilo asubuhi ile.

Kwenye degedege nilikuwa mkaidi zaidi, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Mtoto akishikwa na malaria ikapanda kichwani, anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Watu wa pwani na bara ya kusini hawakuuita ugonjwa huo malaria. Ni degedege, jambo la ndege na upepo, na tiba yake ilikuwa kufukizwa na kupakwa dawa kwa mganga. Na juu ya hapo kulikuwa na katazo: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Mimi nilikuwa na sindano ya kwinini mkononi na hasira kifuani. Nilimwita mganga wa kijiji mchawi mbele ya watu. Matokeo yake ni kwamba akina mama waliacha kupita njia ya zahanati kabisa wakiwa na mtoto wa degedege, wakawa wanazunguka nyuma ya shamba la shule nisiwaone.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja ya mvua, hakuna mgonjwa, nikakaa na daftari la zahanati nikawafuata mmoja mmoja watoto tuliowachoma kwinini na wakafa. Karibu wote walikuwa wameletwa siku ya tatu au ya nne, baada ya kufukizwa kushindikana. Yaani walikuja kwetu kufa. Wale wachache walioletwa siku ya kwanza wengi wao nilikuwa nawaona wanacheza mpira. Sasa jiweke mahali pa bibi wa kijijini ambaye hana daftari. Ameona nini kwa macho yake? Mtoto amefukizwa, bado yu hai. Amepelekwa kwa nesi, amechomwa sindano, amekufa kabla ya magharibi. Ameona hivyo mara nne, mara tano. Angekuwa mjinga kama asingelikataza.

Nikaenda kwa mganga kwa miguu yangu na kilo moja ya sukari, na sukari wakati huo ilikuwa si mchezo. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Tulizungumza mpaka alasiri, na hakukubali hata jambo moja nililosema kuhusu mbu. Lakini alikubali kitu kimoja cha kikazi: mtoto akiletwa anachemka, ampunguze joto kwa kitambaa cha maji, amfanyie la kwake la haraka kama lazima, na ampe mama ruhusa kwa mdomo wake mwenyewe kwamba aende kwa nesi leo leo. Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa imekosekana. Ndani ya msimu mmoja wa mvua nikaanza kuwapata siku ya kwanza. Wengine walikuja na majivu bado yako kwenye paji la uso. Sikuyafuta.

Na vidonge vya malaria navyo vilikuwa na lake. Klorokwini iliwawasha watu mwili mzima mpaka mtu anajikuna kwa ganda la nazi, halafu sisi tunaandika kwenye daftari "mgonjwa hakumaliza dozi". Nchi ilipobadilisha kwenda SP, dawa nyingine ya malaria, mwaka 2001, na baadaye dawa mseto kuanzia mwisho wa 2006, niliona watu wale wale tuliowaita wakaidi wanamaliza vidonge vyao bila kusukumwa.

Kuna jambo la mjomba ambalo wageni kutoka mikoa mingine hawalijui wakiletwa kufanya kazi huku. Sisi Wamakonde, na majirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ana neno. Usiku mmoja niliitwa kwa mama aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi ya jana, mkunga wa jadi amechoka, mtoto amelala vibaya. Hospitali iko mbali, lazima aondoke sasa. Nikamgeukia mumewe nikamwambia mwanamume gani wewe unakaa na kutazama. Yule kijana akajibu polepole, macho chini: "Nesi, mimi hapa nimeoa tu."

Walikuwa wanamngoja mjomba aliyekuwa amelala shambani kulinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe. Alipofika alikubali hata kabla sijamaliza kueleza, akalipa mwenyewe mafuta ya trekta la ushirika. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tangu hapo, mama mjamzito akija kliniki mara ya kwanza, nilimuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba ya ngapi, halafu: mjomba wako ni nani na kwa sasa yuko wapi? Niliandika kwa penseli nyuma ya kadi, kwa sababu wajomba wanahamahama. Mwaka mmoja mkaguzi aliyekuja kutoka juu aliuliza hayo maandishi ni ya nini, nikamwambia ni ya kwangu binafsi. Wakati mwingine nilimwita mjomba mwezi wa saba wa mimba, nikamwomba atoe ruhusa mapema, mbele ya mashahidi, ili usiku ukifika tusimtafute. Hakuna aliyekataa.

Lakini sikuwa mtu wa kusikiliza tu na kushinda. Kosa langu kubwa liko kwenye jokofu. Chanjo zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na jokofu letu lilikuwa la mafuta ya taa. Utambi unakatwa sawasawa, moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, bomba linaziba, ubaridi unapotea. Nililijua lile jokofu kuliko nilivyomjua mume wangu, na nilikuwa nalizungumzisha. Mwaka fulani wa shida ya mafuta nilikwenda msibani kwetu siku nne, nikamwachia mhudumu. Nikarudi usiku wa kuamkia Jumatano, nikakuta moto umezimika, kipimajoto kinasoma 19. Mhudumu alikuwa amechukua mafuta chupa moja, mkewe alikuwa amejifungua na nyumba haina koroboi. Asubuhi walinikuta akina mama zaidi ya sitini nje, wengine wametembea tangu alfajiri, na kijiji cha jirani kulikuwa na surua.

Siku hizi kichupa cha chanjo kina alama ya mraba inayogeuka rangi ikipatwa na joto, mtu unaona kwa macho. Wakati ule hakuna aliyeweza kujua isipokuwa mimi. Nilisimama na kile kichupa dakika nyingi. Ningechoma, wangeondoka wamefurahi, na pengine watoto wao wangekuwa hawana kinga. Nikatoka nikawaambia: chanjo imeharibika, kosa ni langu, nimeondoka bila kuweka mafuta ya kutosha, rudini Jumatano ijayo. Wapo walioguna. Mmoja alinitukana, na lilikuwa tusi la haki. Jumatano iliyofuata hawakurudi wote. Kati ya wasiorudi, watoto wawili nilikuja kuwasikia kwenye surua. Mhudumu sikumshitaki. Labda nilipaswa. Mpaka leo kila nikitaka kusema angeniuliza kabla ya kuchukua mafuta, najikumbuka kwamba nami sikuwahi kumuuliza mkewe amefikisha miezi mingapi.

Ya Ukimwi sitayagusa hapa. Yanataka siku yake na pumzi yake.

Nilistaafu mwaka 2017 nikiwa na miaka sitini, muuguzi wa afya ya jamii, baada ya kujiendeleza kidogo kidogo. Waliniandalia keki, khanga na mbuzi. Kiinua mgongo kilichelewa. Ofisi moja ilinirudisha mara tano, mara faili halionekani, mara sahihi haifanani. Kilipotoka niliezeka nyumba, nikachimba kisima cha saruji cha maji ya mvua, kikubwa, lita elfu nyingi, na siku kilipojaa mara ya kwanza nilikaa kando yake kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Watu bado wanakuja. "Hodi, bibi nesi." Nina kipimajoto, mashine ya presha na maneno. Sindano sishiki tena, leseni imekwisha na mkono unatetemeka. Jirani aliniletea mtoto saa tano usiku akitaka nimchome, nikakataa, akaona nimejivuna kwa sababu nina pensheni. Nikavaa viatu nikapanda naye bodaboda mpaka zahanati, tukiwa watatu na mtoto wa nne, kinyume cha sheria zote za barabarani. Asubuhi alikuja na papai.

Na sasa mimi mwenyewe ni mgonjwa. Presha, mwaka wa nne huu. Kliniki yangu ni mjini Mtwara, kila mwezi, basi linapitia Tandahimba. Nimeandikiwa vidonge viwili, kimoja ni cha kukojosha. Mwezi uliopita daktari, kijana mzuri, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, alipima akakuta iko juu. Akapima tena. Akavua miwani. "Bibi, wewe ni nesi. Unajua kabisa madhara yake. Huoni haya kuruka dawa?" Nyuma yangu foleni nzima inasikia. Niliinamisha kichwa, nikashika pochi yangu kwa mikono miwili.

Angeniuliza ningemwambia. Ukimeza kile kidonge asubuhi, kwa saa tatu nne zinazofuata hujiwezi. Basi halisimami ovyo, na likisimama ni katikati ya mikorosho, abiria wote dirishani, na haya magoti niliyoyarithi kwa mama hayachuchumai tena. Kwa hiyo siku ya safari simezi. Siku ya msiba simezi, siku ya harusi simezi, na mzee wa umri wangu hana wiki isiyo na msiba au harusi.

Tarehe ya kurudi ni Jumatatu. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kidonge nimekifunga kwenye pindo la khanga, nitakimeza nikishafika.